Friza Langu Mabegani

Mume wangu alitaka friji lenye bomba la maji mlangoni. Narudia, msije mkadhani nimekosea kuandika: bomba la maji, mlangoni. Nyumba yetu hapa Kivinje bomba la uani lenyewe linakohoa hewa, maji tunanunua kwa madumu, yeye anataka bomba la sebuleni.

Ugonjwa huo aliupata Mingoyo kwa dada yake. Wifi yangu huyo analo friji jekundu la milango miwili, inafunguka huku na huku kama kabati la nguo, na linang'aa mpaka unaweza kujifunga mtandio mbele yake. Tulikwenda kumsalimia sikukuu ya Idi. Mume wangu akakinga glasi, maji yakashuka yenyewe, akaguna kama mtu aliyeonyeshwa pepo angali hai. Mimi nikafungua ndani. Chupa za maji, sahani ya pilau la jana, na nusu kitunguu. Jumba lote lile, mpangaji nusu kitunguu!

Mimi shughuli yangu ni pweza. Bamvua likifika na maji yakatoka mbali, tunashuka mwambani wanawake na fimbo zetu. Tatizo ni kwamba siku hizo kila mtu ana pweza, na mnunuzi mwenye barafu analijua hilo. Anakaa juu ya sanduku lake, anatafuna mswaki, anataja bei anayoipenda yeye. Ukikataa, haya, nenda naye nyumbani, kesho atakunukia. Maji yakiwa mafu, hayatoki mbali, pweza hapatikani, bei inapanda, na wewe huna hata mnyiri mmoja. Nimeishia kidato cha nne, lakini hesabu hiyo haitaki mwalimu. Nilikuwa narudi na mtoto mgongoni, nampiga pweza wangu kwenye jiwe ili alainike, na kila pigo naiona sura ya yule mnunuzi. Pweza wangu walikuwa laini kuliko wa mtu yeyote hapa Kivinje.

Ndiyo maana zamu yangu ilipofika nilikuwa najua ninachotaka.

Zamu ni hivi. Tuna kikundi chetu cha wanawake cha kutunzana. Zamu ya mmoja ikifika, wenzake wanamletea kitu kimoja kikubwa, amechagua mwenyewe. Kinakuja kimefunikwa shuka ili mtaa usijue, kwa ngoma na vigelegele, kinafunuliwa ndani kwake. Ukishatunzwa ndiyo basi, unasubiri wenzako wote wamalize, na sisi tuko wengi. Mwanangu aliyekuwa mgongoni atakuwa ameshaanza shule. Ukichagua kitu cha kijinga utaishi nacho. Na mwenyekiti wetu, mama mmoja wa vitumbua mwenye sauti ya kuamsha daku, ana sheria moja tu: ulichokishika kwa mkono dukani ndicho kinachonunuliwa, hakuna kurudi nyuma.

Siku ya kwenda dukani mjini Masoko ikaangukia bamvua. Nilitoka mwambani moja kwa moja, na ndoo yangu ya pweza. Ningemwacha wapi? Ningekuwa na pa kumwacha nisingekuwa naenda kununua friji. Tukaenda watatu: mimi na mtoto, mwenyekiti, na wifi wa Mingoyo, ambaye hakualikwa na mtu. Eti amekuja kunishauri. Nilijua katumwa na kaka yake.

Muuzaji alikuwa kijana mmoja anayenukia marashi tangu mlangoni.

"Dada, ndoo iache nje tafadhali."

"Nje jua. Humu mna mafriji."

"Lakini hujanunua bado!"

"Na wewe viatu unalipa kabla hujaingiza mguu?"

Mwenyekiti akacheka mpaka akashika ukuta. Mimi nikaanza kujaribu.

La milango miwili, kipenzi cha mume wangu. Upande wa friza ni mwembamba kama uchochoro, ndoo ikakwama mlangoni, haiendi mbele hairudi nyuma. Wifi akasema, "Si umtie kwenye mfuko?" Nikamwambia, "Wifi, hii ni ndoo ya asubuhi moja. Wewe una nusu kitunguu, huwezi kunielewa." Akavuta mdomo.

Lenye friza juu: kijumba cha kutosha barafu za watoto na kuku mmoja aliyejikunja. Lenye friza chini lina droo, na droo nilizipenda kusema kweli, zinavutika vizuri. Nikamshusha mtoto nijaribu vizuri. Nageuka, mwanangu yumo ndani ya droo ya chini, kakaa, anapiga makofi. Nikaona mbele yangu maisha yote: mimi mwambani, yeye droo wazi, pweza wanayeyuka sebuleni. Basi na hilo nalo nikaliacha.

Pembeni kabisa palikuwa na friza la kulala, lile la kufunua kwa juu kama sanduku. Hakuna aliyelitazama. Muuzaji alikuwa amelifanya meza, ana sahani yake ya chipsi juu. Nikaondoa chipsi, nikafunua, nikashusha ndoo. Ikazama! Ikabaki nafasi ya ndoo nyingine na nyingine na za jirani. Nikahisi kizunguzungu cha furaha, kama nimepanda pembea.

"Umeme ukikatika?" nikamuuliza.

"Hilo ndilo linalovumilia kuliko yote," akasema. "Baridi inakaa chini, ukifunua haimwagiki. Usilifunuefunue tu, linashika."

"Mbona hukusema tangu mwanzo?"

"Watu huwa wananiuliza rangi."

Wifi alikuwa ameshapiga simu. Sauti ya mume wangu ikajaa dukani.

"Eti sanduku? Hilo la dukani! Watu watakuja kugonga usiku wanataka soda! Nimeshasogeza televisheni, nimeshawaambia watu kijiweni. Mama watoto, unanisikia? Hilo sanduku halipiti mlango huu."

"Nimekusikia," nikasema.

Kumsikia mtu si kumkubalia. Nikaweka mkono wangu, wenye harufu ya pweza na kila kitu, juu ya friza. Mwenyekiti akapiga kigelegele, muuzaji akaruka. Wifi alirudi Mingoyo jioni ile ile kwa hasira, na kwa hasira hiyo hiyo hakumwambia kaka yake neno. Kwa mume wangu, mimi nilikuwa nimesikia na nimetii. Akaendelea kusubiri bomba lake.

Kwa hiyo siku ya kutunzwa nilikuwa nacheka kwa kiherehere. Mume akigoma mlangoni mbele ya wanawake wote wale, friza litakwenda wapi? Litarudi kwa mwenyekiti, litawekwa vitumbua. Mume wangu alishaaga mapema, alisema anakwenda kuswali alasiri, akae huko mpaka wanawake tumalize makelele yetu.

Kirikuu, kale kagari ka mizigo, lililobeba friza likakwama mchangani karibu na msikiti. Tukalisukuma, likazidi kuchimba. Kutoka pale hadi kwangu si mbali, mwenyekiti akasema, "Tulibebe." Kina mama wenye nguvu wakaingiza mabega. Limefunikwa shuka la mwenyekiti, jipya, la kijani, lina pindo la dhahabu. Na kwa kuwa watu walikuwa kwenye swala, akatoa amri: ngoma kimya, vigelegele kimya, kichwa chini, mpaka tupite msikiti.

Sasa jione wewe ndiyo unatoka kuswali. Unavaa kandambili, unainua macho. Sanduku refu, shuka la kijani, limebebwa mabegani. Watu wanatembea taratibu, kimya. Na waliobeba ni wanawake.

"Inna lillahi!" nikasikia mzee mmoja. "Wanawake wamebeba jeneza! Vijana, mko wapi?"

Walikuja mbio! Sijawahi kuona wanaume wa Kivinje wakikimbilia kazi namna ile. "Tupeni, tupeni mama zetu, poleni, poleni sana." Kabla mtu hajafungua kinywa, mabega ya kike yametolewa, ya kiume yameingia. Kila mtu anataka thawabu, huyu akishika hatua chache mwingine anampokea. Mwenyekiti alitaka kusema, kicheko kikamkaba, akajifunika uso kwa kanga. Wote tukajifunika. Mabega yetu yanatikisika. Wanaume wakaona tunalia.

"Kuweni na subira jamani, poleni," wanatuambia, nasi ndiyo tunazidi kutetemeka.

"Marehemu mzito," mmoja akanong'ona.

"Shika, usiseme vibaya."

Halafu nikamwona. Pembe ya mbele, kulia, kanzu nyeupe, shingo imepinda chini ya uzito. Mume wangu. Alitoka msikitini nyuma ya wenzake, akakuta watu wanabeba, akaingiza bega kama alivyofunzwa na baba yake. Nikamsikia anamuuliza wa pembeni, "Nani huyu?" Naye anamjibu, "Sijui, twende tu."

Wanaligeuza kuelekea msikitini. Mzee aliyeswalisha siku ile akatoka mlangoni, akainua mkono kuwasimamisha. Uso wake mpole, wa huzuni ya kweli, mpaka nikaona haya.

"Bado hajaswaliwa?" akauliza. "Maiti ni mwanamume au mwanamke?"

Ni swali la lazima, anayeswalisha hutaka kujua jibu lake kwanza. Akatutazama sisi. Nikajua nikikaa kimya kidogo tu, tutafanya jambo ambalo si la mzaha. Nikasogea.

"Shikamoo babu."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Ni nani wako?"

"Ni friza, babu."

"Nani?"

"Friza. La pweza."

Na hapo hapo shuka likateleza nyuma, waya ukaning'inia, plagi ikawa inabembea mbele ya macho ya waumini wote.

Mzee akaitazama plagi. Ndevu zikaanza kutikisika, kisha mabega, kisha akakaa kwenye ngazi akaweka kofia yake magotini na akacheka mpaka akafuta machozi. Ndipo mtaa mzima ukalipuka. Mwenyekiti hakuweza tena kujizuia, akaachia kigelegele alichokishikilia tangu kule mwanzo, mbuzi wakakimbia.

Mume wangu peke yake ndiye aliyekuwa hacheki. Aliniona. Akaliona shuka, urefu wa sanduku, plagi. Nikamwona anaelewa kidogo kidogo, kama maji yanavyopanda. Akaanza kupunguza bega.

"Wewe mjukuu wangu wa mbele," mzee akamwambia, bado anahema kwa kicheko. "Ukishabeba hushushi njiani. Nia ulishaiweka. Mpeleke kwake."

"Lakini babu, hili..."

"Kwake ni wapi?"

"Ni kwake yeye huyo huyo!" mwenyekiti akadakia. "Bwana mwenye nyumba ndiye kabeba! Haya, ngoma!"

Ngoma ikapigwa. Wanaume wanabeba, wanawake tunacheza mbele na nyuma, na watoto hawahesabiki. Vijana wanamtania, "Oya, friji lako la bomba ndiyo hili?" Naye anakwenda, atafanyaje, amebanwa mbele na nyuma na kanzu imelowa jasho. Tulipofika mlangoni kwangu akasimama. Nami nilishatangulia ndani, mkono kwenye pazia.

Tukatazamana.

"Litapita?" akaniuliza. Ndilo swali alilouliza.

"Inamisha bega," nikamwambia.

Akainamisha. Likapita.

Wakaliweka pale alipokuwa ameondoa televisheni, chini ya dirisha, limeenea kama limepimwa. Shuka likafunuliwa, watu wakashangilia upya kama hawajaliona. Wenzangu walipokwisha kula na kuondoka, mume wangu alikuwa bado kasimama karibu yake na plagi mkononi, anaitazama soketi. Kanzu ina alama ya vumbi begani, ndefu, imenyooka.

"Nichomeke?"

"Usichomeke. Limetikiswa sana, muuzaji alisema likifika liachwe kwanza litulie."

"Litulie mpaka lini?"

Mtoto alikuwa anajaribu kukifikia kifuniko kwa vidole, hakifikii, anaruka.

"Mpaka niseme mimi," nikamwambia. Akakaa kwenye mkeka na plagi yake, akasubiri.