Fundi Cherehani Apima Kifua cha Dume

Mume wa fundi cherehani alipofariki, alimwachia ng'ombe sita na shemeji mmoja mjuaji. Ng'ombe walikuwa na faida zaidi.

Mara ya kwanza kwenda mnadani ilikuwa wiki ya kufungua shule. Kila mzazi mwenye mkia zizini alikuwa kauleta, na wanunuzi walitembea kwa madaha kama wakwe. Dalali mmoja, aliyeitwa Kidole kwa tabia yake ya kumdunga ng'ombe makalioni na kutangaza bei papo hapo, alimdunga dume wa mjane.

"Mama, hii mifupa mitupu. Laki nne, tena nakuonea huruma."

Akakubali. Hata chai yake haijapoa, akamwona Kidole kwenye lango la pili akimuuza dume yuleyule laki saba, akimsifu minofu kana kwamba anamtafutia mchumba.

Kesho yake alimvamia bwana mifugo ofisini. Bwana mifugo akamweleza kwamba bei inafuata kilo, umri, afya, na idadi ya wajinga walioleta ng'ombe siku moja. Akampa jedwali: pima kifua nyuma ya miguu ya mbele, soma kilo.

"Tepu unayo?"

"Baba, nimepima viuno vya mji mzima!"

Alisubiri miezi minne, majani yakaota, ng'ombe wakajaa. Akamswaga dume mwingine polepole kwa siku mbili, akimpumzisha asije akaacha kilo njiani. Shemeji alimfuata nyuma akilalamika kwamba anauaibisha ukoo.

Mnadani akachomoa tepu.

"Unamshonea suruali?" Kidole akacheka.

"Nakushonea wewe. Tumbo hilo limenenepa kwa ng'ombe wangu." Akamzungushia tepu kiunoni na kusoma sentimita kwa sauti. Watu walicheka hadi wakashika mbavu.

Kisha akampima dume na kutangaza kilo mia tatu arobaini. Mchinjaji mmoja akasogea, akasoma jedwali mwenyewe.

"Ana umri gani?"

"Miaka mitatu," alijibu bila kupepesa macho.

Mchinjaji akamfungua dume mdomo. "Dada, meno yote yameshabadilika. Huyu kapita mitano. Mteja wangu ataanza kutafuna Jumamosi amalize Jumatatu."

Uso ukamwaka moto. "Mitatu tangu nianze kumhesabu mimi," alisema, na safari hii alichekwa yeye. Mchinjaji akapunguza kidogo kwa ugumu wa nyama, kidogo tena kwa makovu ya kupe kwenye ngozi, akalipa laki nane na nusu. Kidole aliondoka bila kuaga.

Njiani shemeji akaanza kuwaambia wapita njia kwamba wazo la tepu lilikuwa lake. Mjane hakubisha. Asubuhi akamkabidhi bomba la dawa ya kupe na ng'ombe wote wanne waliobaki, kwa kuwa mtu mwenye mawazo mazuri kiasi hicho hafai kukaa bure.