Turubai la msiba nililoliacha kwenye karavani mpaka dhoruba ikafika

Habari za jioni wakuu. Mimi humu ni msomaji tu, na shule niliishia darasa la saba. Nitasimulia ilivyokuwa, hata pale ninapoonekana mjinga.

Naishi Kingsbury, London, na binti yangu Neema. Mke wangu alifariki mwanzoni mwa majira ya joto.

Tuna karavani, kile kinyumba cha magurudumu cha kuvutwa na gari. Yeye ndiye aliyeitaka. Inakaa kwenye majani mbele ya nyumba, hatua tatu kutoka dirisha la jirani.

Siku za msiba watu walijaa, ndani hapakutosha. Vijana wa kanisani wakafungua awning, lile turubai la ubavuni mwa karavani, wakapanga viti chini yake. Tukalia pale.

Watu wakaondoka. Turubai likabaki.

Sasa mimi nilivyolelewa Bukoba, mfiwa hashushi turubai. Wanashusha wengine, na likishuka msiba umekwisha. Nikawa nasubiri. Wenzangu wa kanisani nao waliona ni kitu cha karavani, mwenyewe atalikunja akitaka.

Miezi mitano, wakuu. Sikumwambia mtu.

Wiki ile simu zikaanza kuleta warning. Dhoruba inakuja, Alhamisi mchana. Nikaomba ruhusa kazini, nafanya cleaning.

Asubuhi nikaweka vipande vya mbao kwenye magurudumu. Nikateremsha miguu yote minne ya kuiegemeza karavani, nikafunga vidirisha vya paa, nikatoa mitungi ya gesi. Nikajaza maji madumu sita nikayapanga sakafuni ili iwe nzito. Nikapitisha mikanda ya mizigo juu ya paa na kuikaza kwenye vyuma nilivyopigilia ardhini.

Jirani yangu Kanti, Mhindi aliyezaliwa Mwanza, akachungulia juu ya uzio.

"Bukoba! Umemaliza?"

"Nimemaliza."

"Na hilo shuka lako?"

"Nalitoa sasa hivi."

Nilidanganya. Nilijua vizuri kwamba turubai likiwa wazi linabeba upepo na linaweza kuipindua karavani. Turubai liko upande wetu, dirisha la Kanti upande wa pili. Nyuma ya dirisha lile analala mama yake, hawezi kuinuka kitandani bila kushikwa.

Nikaingia ndani nikachemsha chai. Sikuinywa.

Saa saba upepo ukafika. Neema alikuwa dirishani.

"Dad, it's lifting! Dad!"

Nikatoka mbio. Miguu ya karavani ya upande wetu ilikuwa imeachana na ardhi. Inapanda, inarudi, inagonga. Chuma kimoja cha mkanda kilishang'oka. Nikashika nguzo ya turubai, na mikono ikakataa. Sijui niwaeleze vipi. Ilikataa tu.

Kanti akatoka na ndala, mvua inampiga.

"Si ulisema umemaliza!"

"Kanti, hili ni la msiba. Sitakiwi kulishusha mimi."

Mtu wa Mwanza, alielewa.

"Sasa si ungesema, wewe! Miezi yote nasema Mhaya huyu ana maringo, amejijengea baraza. Toka hapo! Mfiwa kaa kule! Neema, njoo shika!"

Akang'oa vigingi, Neema akavuta nguzo. Turubai likaanguka lote kwa mara moja, likamfunika Kanti. Tukawa tunasikia matusi ya Kigujarati kutoka mle ndani. Neema akacheka. Nilikuwa sijamsikia akicheka tangu mama yake aondoke.

Karavani ikakaa chini. Ilitikisika mpaka jioni, ila haikuinuka tena.

(Najua, Neema naye ni mfiwa. Pale sikuliwaza. Wajuzi wa mila mtanirekebisha.)

Palipokuwa na turubai pamebaki mraba wa majani ya njano na kijiko kimoja cha plastiki.

Nikampigia mama mkwe Bukoba.

"Mama, turubai limeshuka."

"Nani kashusha?"

"Jirani. Na Neema."

Akasema, "Haya baba. Nilikuwa nasubiri uniambie."

Nilichojifunza: mwenye karavani, awning ishuke siku moja kabla. Madumu na mikanda havitoshi. Na kubwa zaidi, nilikaribia kumwangushia karavani mama wa mtu kwa sababu nilishindwa kusema sentensi moja. Kesho yake nilikwenda kumwomba radhi.

Nyinyi mlio mbali na nyumbani, msiba ukiisha nani anawashushia turubai? Niambieni, nasoma yote.