Mama Mkwe Alibeba Lawama ya Miguu ya Mtoto Wangu

Admin, ficha jina langu, na ploti ninayopanga usiitaje, maana huku mtaani Kaptembwo tunajuana. Nina miaka thelathini na moja, nimeolewa, na kazi yangu ni kushona yunifomu za shule kwenye karakana moja mjini. Bwana yangu ni fundi wa ujenzi. Kwa sasa yeye na wenzake wako na kazi Gilgil, na hurudi nyumbani Jumamosi. Naandika hii nikiwa sisikii kitu ndani yangu, si uchungu, si hasira. Ndiyo nimeamua kuuliza watu wengine.

Mtoto wetu wa kwanza alikuwa Brian. Alikuwa na miaka minne wakati pikapu iliyoleta mchanga ilirudi nyuma hapo mbele ya ploti na dereva hakumwona. Mimi nilikuwa naanika nguo. Tulimzika Bungoma, nyumbani kwa wazazi wa bwana yangu. Watu wakaacha kuniita Mama Brian, wakawa wananiita tu dada. Mwaka uliofuata nikajifungua msichana, Imani.

Likizo yangu ya uzazi ilipoisha, mama mkwe alikuja kutoka Bungoma kunisaidia kulea. Siku ya kwanza nikamwambia, "Mama, huyu mtoto asitoke nje ya huu mlango. Hata dakika moja."

Akaniambia, "Sawa. Lakini mtoto anataka jua kidogo."

Nikasema hapana.

Siku moja nilitoka kazini mapema nikamkuta ameketi kwenye ngazi, Imani amelala mapajani pake, miguu iko wazi juani. Nilimwambia maneno ambayo mtu haambii aliyemzaa bwana yake. Nilimwambia kama anataka tuzike mwingine, aendelee. Alinyanyuka akaingia ndani na mtoto. Tangu hiyo siku alikuwa anamkalisha dirishani, nyuma ya kioo. Mimi nikiona mwanga umemwangukia miguuni nilijua hiyo inatosha. Jumapili kanisani nilimbeba nimemfunika shuka mwili wote. Bwana yangu hakujua nimekataza chochote. Akija Jumamosi anakuta mtoto amekula, ameoga, ametulia.

Imani alifika mwaka mmoja na nusu hajatembea. Kichwa kilikuwa kinatoa jasho akinyonya, na ukimwinua kwa makwapa analia. Mikono ilianza kuvimba hapo kwa kifundo, kama amevaa bangili chini ya ngozi. Alipojaribu kusimama akishika kiti, nikaona miguu imepinda kwenda nje.

Nilimpeleka hospitali. Wakampiga eksirei ya mkono na ya miguu, wakamtoa damu. Daktari alikuwa mama wa makamo, mpole. Akaniambia, "Mtoto wako amekosa vitamini D. Bila hiyo mwili haushiki kalisiamu vizuri, kwa hivyo mifupa inabaki laini, na akisimama inapinda. Huwa anaota jua?"

"Anakaa dirishani."

"Dirisha la kioo?"

"Eeh."

"Jua la kupitia kioo halimsaidii kwa hii. Na maziwa ya mama peke yake huwa na vitamini D kidogo sana."

Akanipima mimi pia. Yangu ilikuwa chini. Hayo maumivu ya mifupa niliyokuwa nasema ni ya kuinamia cherehani, kumbe huenda ni hiyo. Akampa Imani dawa ya matone ya miezi mitatu na kalisiamu, akaniambia nisiongeze wala kupunguza kipimo. Nimpe maziwa, mayai, na omena, wale dagaa wadogo, ya kusagwa. Kila siku nje, mikono na miguu wazi. Akasema bado ni mdogo, miguu inaweza kunyooka yenyewe bila kupasuliwa. Nilimshukuru nikaenda nyumbani. Sikulia.

Jumamosi bwana yangu alipofika nikamwambia vile daktari alisema. Halafu akamgeukia mama yake, aliyekuwa anachambua mboga.

"Mama, siku nzima ulikuwa unafanya nini? Kumtoa mtoto tu hapo nje ilikushinda?"

Mama aliniangalia. Alinipa muda wa kusema, nami nilikuwa nimesimama pale na karatasi za hospitali mkononi. Sikusema. Akarudisha macho kwa mboga akasema, "Nimesikia, mwanangu." Jumatatu asubuhi alifunga nguo zake akarudi Bungoma.

Sasa ni miezi minane tangu aondoke. Imani anatembea. Jirani anamtoa nje kila asubuhi. Kliniki wanasema mifupa inashika vizuri, na hata miguu naona inaanza kunyooka. Nilidhani akitembea nitafurahi. Nilimwona akivuka chumba, nikaenda kuosha vyombo.

Bwana yangu hapokei simu za mama yake. Amesema Mama hatamshika Imani tena, na Krismasi hatuendi nyumbani.

Wiki jana Mama alinipigia nikiwa kazini. Akauliza, "Mtoto anatembea?" Nikamwambia anatembea. Akasema Mungu ni mwema. Kisha akasema, "Mwambie Baba Imani nimekubali nilikosa. Mwambie nimeomba msamaha, aniruhusu nimwone mtoto. Hayo mengine wachana nayo. Wewe ulikuwa umezika."

Sijamwambia. Nikipeleka huo msamaha, naona ataukubali, Mama atakuja, na nyumba itatulia. Nikisema ukweli, sijui kama bado nitakuwa na nyumba. Nyinyi mnaosoma hii, niambieni. Nimpelekee bwana yangu msamaha wa mama yake, ama nimwambie anayefaa kuuomba ni mimi?