Siku Kifungu cha Sita Kilipomuua Tata Mbuyi

Marafiki, mkifika Kolwezi mkasikia mtu ananiita "Kifungu cha Sita", msicheke kwanza, kaeni niwaeleze mwenyewe, maana aibu hii nimetembea nayo mpaka imenizoea.

Kazi yangu ni kuandika kurasa za maelezo ya programu moja ya simu ambayo parokia hutumia kutuma matangazo kwa waumini: ubatizo, kilio (yaani msiba), sherehe, mikutano. Watu walilalamika kwamba ukurasa ni mrefu, wanashusha kidole mpaka wanasahau walichokuwa wanatafuta, basi nikaweka viungo (sisi huku tunasema lien), yaani kila kifungu kikapata anwani yake, unamtumia mtu, anabonyeza, anatua pale pale anapohitaji. Nilijiona fundi. Na kwa uvivu wa kutafuta majina, niliacha kila anwani ifuate namba ya kifungu, cha kwanza, cha pili, hivyo hivyo mpaka mwisho.

Wakati huo nilikuwa na mchumba, Nadège, na Jumamosi moja ukoo wangu ulikuwa uende kujitambulisha kwa baba yake, Tata Mbuyi, Mkasai mstaafu wa mgodi, mtu asiyependa mambo ya ovyoovyo, na kama siku hiyo ingeharibika sikujua kama angenipokea tena. Ijumaa, dada wa mzee huyo, tantine (yaani shangazi) Albertine, ambaye ndiye mwenye simu ya matangazo ya parokia, akaniuliza kesho asubuhi atawaalikaje watu. Nikamtumia lien ya kifungu cha sita, Sherehe, nikamwambia kwa majivuno:

"Tantine, usisome bitu ingine. Fwata tu ile utakuta pale lien itakufikisha."

Jumamosi asubuhi nikawaza: mzee leo lazima ataonyeshwa kazi ya mkwe wake, sasa jina langu ataliona wapi? Nikafungua ukurasa, nikaongeza kifungu kipya juu kabisa, "Mtengenezaji", pamoja na picha yangu nimevaa koti. Nikaenda kuoga nikiimba.

Tulipofika kwa Tata Mbuyi, mimi, wajomba zangu, kreti za bia na mbuzi mmoja, nikaona bâche, turubai la kivuli, imefungwa vizuri, viti vimepangwa, lakini akina mama wamekaa chini, vitenge kiunoni, wanalia. Nikainama kwa mmoja.

"Mama, kuko nini?"

"Tata Mbuyi alituacha, mwana."

(Mgeni atauliza kwa nini hakuna aliyepiga simu kuhakikisha. Huku kwetu ukisikia kilio unafunga kitenge unaenda, maana kupiga simu nyumba ya msiba kuuliza kama ni kweli ni matusi. Na aliyefika akaona bâche, angetafuta ushahidi gani zaidi, wakati bâche ya sherehe na ya kilio ni ile ile?)

Nikaanguka chini na koti langu. Nililia, na kwa kuwa ninyi ni rafiki zangu siwafichi, nilimlilia mzee na nikalilia ndoa pia. Mjomba mmoja akavua tai, mwingine akawa anarudisha bia garini kimyakimya, mimi nagaagaa kwenye vumbi jekundu, sielewi mtu aliyenisalimu jana kwenye simu amekufaje.

Mlango ukafunguka. Akatoka Tata Mbuyi, tai mkononi, naye analia.

"Munanificha juu ya nini? Ni kaka yangu wa Mutshatsha njo alikufwa?"

Akina mama wakakimbia, viti vikapinduka. Mzee mmoja wa kwaya akaanza kusali kwa sauti. Tata Mbuyi akaniangalia pale chini.

"Na weye, mwana, unalilia nani?"

"Ni weye, tata."

"Mi nilikufwa saa ngapi?"

Mtu akamwonyesha simu, akasoma tangazo la kifo chake akiwa amesimama, kisha macho yote yakamgeukia tantine Albertine, aliyekuwa ndiyo kwanza anaingia na sufuria za chakula. Mama mmoja akasema hafai tena kushika simu ya parokia. Tantine akajitetea.

"Mi nilifwata lien tu."

Nikasema haiwezekani, nikabonyeza mwenyewe mbele ya watu, nikatua kwenye kifungu cha sita: Kilio. Nikabonyeza tena, kama vile lien itanionea huruma. Kilio. Nikapanda juu ya ukurasa, nikakuta sura yangu inatabasamu ndani ya koti. Kifungu changu kilikuwa kimesukuma vingine vyote chini, Kilio cha tano kikawa cha sita, na maelekezo yanafanana kabisa: bonyeza alama iliyochorwa pale, andika jina la mhusika, mtaa na saa, tuma, maneno ya furaha au ya uchungu programu inayaweka yenyewe.

Ningeweza kunyamaza. Nilimwangalia tantine, nikaona siwezi.

"Tata, si tantine. Ni mi. Niliweka sura yangu juu, bingine byote bikashuka."

Tata Mbuyi akainua kiti kimoja kilichopinduka.

"Bantu balilia mu kiwanja yangu. Leo hatuongee bya ndoa."

Tukarudi na mbuzi wetu. Njia nzima ni mbuzi peke yake aliyesema.

Usiku huo huo nilifuta picha, nikaapa sitaipa tena anwani namba: kilio kiitwe kilio, sherehe iitwe sherehe, hata ukurasa ukipinduliwa. Tata Mbuyi alituita tena baadaye, nilishakata tamaa, tukajitambulisha, na ilipofika harusi akanipa simu ya parokia mbele ya ukoo wote.

"Tangaza weye."

Nikafungua lien ya Sherehe. Akavaa miwani, akasoma kichwa cha kifungu kwa sauti, akamwomba tantine naye asome, kisha mimi.

"Muzuri. Tuma," akasema. "Na pale chini uandike, Tata Mbuyi eko muzima."