Nafasi Katikati ya Jina la Mama Mdogo

Wakati wa vita, barabara ya Bujumbura ikifungwa kila mara, mimi na mwenzangu, dada aliyekimbia kutoka Uvira, tulifanya kazi kwenye kompyuta moja katika ofisi ya misaada hapa Rumonge. Siku moja tuliletewa kutoka Bujumbura disketi yenye programu ya kutafuta ndugu waliopotezana. Unaandika jina, mashine inaiuliza tovuti kupitia laini ya simu, nayo inajibu mtu yuko kambi gani.

Ilikataa. Ilisimama kwenye amri rahisi kabisa, ya kukata herufi chache za jina.

"Yaya, disketi iko imeharibika," mwenzangu alisema; kwao yaya ni ndugu mkubwa.

"Hapana. Kuna kitu imeacha Bujumbura."

Nikafungua orodha ya maktaba, yaani vifurushi vya amri ambavyo programu inavitegemea. Moja haikupatikana: ya kuchora grafu, ambayo hatukuihitaji hata kidogo. Kwa ajili ya hiyo moja, mashine ilikuwa imezisusa zote. Nikaiondolea alama ya vema kwenye orodha, programu ikafunguka. Tukagonganisha viganja.

Mama yangu akaja kutoka sokoni, bado ananukia ndagala, dagaa wa ziwani, akataja majina mawili ya mdogo wake aliyevuka ziwa kukimbilia Tanzania. Jibu likaja: watu chungu nzima.

"Hao wote ni wadogo zangu?" Mama aliuliza, tukacheka.

Tovuti ilikuwa imesoma jina la kwanza tu. Anwani ya mtandao haibebi nafasi tupu, hukatikia hapo. Nafasi lazima iandikwe kwa alama ya asilimia na ishirini, na ile é ya jina la ubatizo la mama mdogo nayo igeuzwe vivyo hivyo. Nikaandika kipande kifupi cha kupitia jina herufi kwa herufi na kubadilisha kila isiyokubalika.

"Limepita?" Mama aliuliza. "Bado?"

Likapita. Mtu mmoja tu, kambi ya upande wa Kigoma, na jina la baba yake ni la babu yangu.

"Iko muzima?"

"Iko muzima, Mama."

Vigelegele vyake viliwatoa nje majirani wote. Mwenzangu akamshika kiuno, wakacheza kati ya meza.

Vita vilipotulia, mama mdogo alirudi na binti aliyezaliwa kule. "Chakula iko," Mama alimkaribisha. Mtoto, aliyezoea Kiswahili cha Tanzania, akamsahihisha kwa upole: "Kipo, mama mkubwa. Chakula kipo." Mama akacheka hadi akakaa chini.