Mtu wa Sauti ya Pili

Watu walimwita Mkia, na jina lilimkaa kuliko suti zake zote. Mkia hufuata, na yeye kazi yake ilikuwa kufuata: shemeji yake aliimba sauti ya kwanza, yeye akaimba ya pili. Walikuwa waigaji. Waliwaiga ndugu wawili waliotamba zamani kisha wakastaafu, mmoja mrefu, mmoja mnene, suti nyeupe na leso mkononi. Mkia hakuwa mnene, alijifunga taulo tumboni. Ukitaka kujua waliimba wapi, bora uulize ni wapi hawakuimba. Harusi, baa, uzinduzi wa duka la magodoro. Watu waliendelea kula, na wachache walioinua macho waliuliza kama ndio wenyewe.

Sauti ya pili inataka mtu asiyejipenda sana. Huimbi upendavyo. Unamtazama mwenzako shingoni. Akivuta pumzi wewe unashikilia, akishikilia wewe unavuta. Ukiifanya vizuri hakuna anayekusikia, ukikosea ndipo wanajua kumbe na wewe upo. Mkia aliipenda hivyo hivyo. Nje ya jukwaa hakuwa na mtu. Aliwahi kuoa, miezi michache tu, mke akasema hawezi kuishi na begi, akaenda zake. Aliobaki nao ni dada yake mdogo na huyo shemeji, mume wa dada yake. Na kati ya hao wawili, tuseme ukweli, aliyemzoea zaidi ni shemeji.

Sasa, shemeji alikuwa na kasoro moja, na duniani aliyeijua ni Mkia peke yake. Kwenye wimbo wao mkubwa, ubeti wa tatu, alikuwa anachelewa kuingia. Anavuta pumzi ndefu mno, pigo linapita, ndipo anafungua kinywa. Mwanzoni Mkia aliingia peke yake mara mbili tatu, wakaonekana vituko. Akajifunza kumsubiri. Mmoja akichelewa ni kosa, wawili wakichelewa pamoja watu hudhani wimbo ndivyo ulivyo. Wala hakumwambia. Utamwambiaje mtu ambaye kwake wewe ndiye mkia?

Siku moja shemeji akavua suti, akamkabidhi.

"Shemeji, mimi basi. Nimechoka kuwa mtu mwingine."

Mkia alicheka akidhani ni utani. Haukuwa utani. Shemeji alirudi mjini kwao akafungua duka la vigae, na Mkia akabaki na suti mbili, moja ikiwa si saizi yake.

Alishakata tamaa alipotafutwa na mama mmoja, mwongozaji wa michezo ya jukwaani. Alikuwa na mchezo wa kuchekesha na kuliza, wenye nyimbo, kuhusu waigaji wawili waliofulia, na alitaka kuuzungusha mji hadi mji. "Wewe huna haja ya kuigiza," alimwambia. Mkia alilipokea neno hilo kama sifa, maskini. Sauti ya kwanza alipewa mwigizaji mmoja mtanashati, mwenye koo safi na adabu zake.

Siku ya kwanza ya mazoezi walipofika ubeti wa tatu, Mtanashati aliingia palepale panapotakiwa. Mkia, kwa mazoea, akasubiri. Kinywa wazi, macho shingoni mwa mwenzake, akashtuka kukuta wimbo umeshamwacha. Mwongozaji alicheka mpaka akakaa chini.

"Usiliguse hilo. Kila onyesho fanya hivyo hivyo."

Basi ikawa ndiyo kazi yake. Kila mji watu walivunjika mbavu mahali palepale, na kila mji Mkia alisimama akimsubiri mtu ambaye hayupo. Mtanashati hakuwa mbaya, ila onyesho likiisha alivaa vipokea sauti masikioni na kufunga mlango wake. Mkia alipewa vyumba vyenye vitanda viwili. Alilala kile cha karibu na mlango, kwa kuwa cha dirishani kilikuwa cha shemeji siku zote. Mchana alikaa hapo na simu mkononi, akitafuta sababu ya kumpigia dada yake, ili amwulize kwa juu juu kama shemeji yupo. Alikuwa mpweke, alijua hivyo, na hakuona aibu kujiambia.

Ndipo Mtanashati akapata nafasi kwenye tamthilia ya televisheni. Mwongozaji alimwita Mkia pembeni.

"Mji unaofuata si ndiko aliko shemeji yako? Mlete. Nikikosa mtu, wimbo nautoa kwenye mchezo. Na wimbo ukitoka, baba, wewe sina pa kukuweka."

Mkia hakuogopa. Alifurahi. Alimkuta shemeji dukani, penseli sikioni, anampigia mteja hesabu ya vigae vya bafuni. Walisalimiana kwa muda mrefu, kisha Mkia akapiga moyo konde, akasema lililomleta.

"Nitakuja nione kwanza," shemeji alisema. "Si unajua siwezi kukukatalia."

Mkia alirudi chumbani akaipiga pasi ile suti ndefu, kola mara mbili.

Jioni shemeji na mkewe walikaa safu ya tatu, Mtanashati akiimba kwa mara ya mwisho. Ubeti ulipofika, Mkia alisubiri kama kawaida, na safari hii macho yakamtoroka, yakaenda ukumbini. Ukumbi mzima ulikuwa unacheka. Shemeji alikuwa amejiinamia, anafuta machozi kwa kiganja.

Alikuja na mkewe chumba cha kubadilishia nguo, bado anahema.

"Shemeji, umenimaliza. Pale unaposubiri! Umeachama unangoja kulishwa! Nani alibuni pale?"

Jibu lilikuwa limeshafika mdomoni. Lakini kulisema ni kumwambia kwamba miaka yote ile alikuwa anabebwa, tena mbele ya mkewe.

"Mwongozaji," Mkia alisema.

"Ana akili yule mama."

"Kwa hiyo utakuja? Suti yako ninayo. Nimeipiga pasi."

Shemeji aliishika ile suti begani, akaipapasa, akairudisha kwenye msumari.

"Nilikuja nikiwa nimeshakubali. Muulize dada yako. Lakini nimeona kwa macho yangu, mchezo wote unasimamia pale unapochelewa. Na sisi tulikuwa tunaingia pamoja. Hujawahi kunichelewea hata siku moja, shemeji, utachelewaje leo? Nikipanda mimi, pale patakufa. Nitakuharibia kazi."

Ilikuwa kweli tupu, ila si kwa sababu aliyoijua yeye. Wangechelewa wote wawili, na watu wasingecheka, wangedhani wimbo ndivyo ulivyo.

"Kweli," Mkia alisema. "Tulikuwa tunaingia pamoja."

"Ukikwama lakini, dukani nafasi ipo. Usione haya."

Wimbo ulitolewa, na mchezo ukaendelea na safari bila yeye. Mwongozaji alimkumbatia na kumwambia maneno mazuri, ambayo Mkia aliyasahau kabla hajafika stendi.

Siku hizi yuko dukani, anabeba maboksi ya vigae. Yuko na shemeji kutwa nzima, jambo alilolitamani kuliko yote, na wanazungumza kuhusu gundi na bei. Wateja wakiwa wachangamfu shemeji huwasimulia ule mchezo, na akifika pale humwita aje awaoneshe. Mkia huweka boksi chini, huachama, humtazama shemeji shingoni. Wateja hucheka, na shemeji hucheka kuwashinda wote. Mkia hungoja kidogo zaidi ya inavyohitajika, kisha, kwa kuwa hakuna anayeimba, hufunga kinywa na kuliinua tena boksi lake.