Kisu Kilicholainishwa Mno

Osewe amekuwa fundi wa vitu vidogo kule Kianda, Kibera, kwa miaka ishirini na minne. Hutengeneza kufuli, miamvuli, mikasi ya mafundi wa nguo, na visu. Kibanda chake kiko kando ya njia inayoteremka kutoka Olympic, na hakina bango. Si mtu wa maneno mengi. Mteja akimwuliza kama kazi itakuwa tayari kesho, hujibu kwamba itakuwa tayari ikiisha.

Jumanne moja ya mwezi wa Agosti aliletewa kisu cha kukunja na mzee Gikonyo, mwenye ploti za kupangisha katika mtaa wa Kongo, Kawangware. Kilikuwa kisu cha zamani chenye mpini wa pembe, alichoachiwa na baba yake. Kilifunguka kwa shida. Bapa lilitoka nusu, likasita, likakwaruza, kisha likataka kuvutwa kwa kucha hadi kucha iume. Gikonyo alisema anataka kifunguke bila kusumbua, na anakitaka kabla ya Jumamosi. Hakusema ni cha kazi gani. Kwao Wakikuyu jambo hilo halielezwi. Kila mtu anajua kisu kama hicho hutolewa siku gani. Osewe, Mjaluo aliyezaliwa Siaya, naye hakuuliza. Aliona vidole vya mzee vimekakamaa, akaamua mwenyewe kwamba ni kisu cha kumenyea machungwa.

Aligonga pini kwa msumari butu mpaka ikatoka, akatandaza vipande juu ya gazeti. Ndani alikuta mafuta ya kupikia yaliyogandamana na vumbi. Kwenye kisigino cha bapa, pale linapozungukia, palikuwa na kutu na ukingo uliochongoka. Watu wengi hufanya hivyo. Kitu kikikwama hukimiminia mafuta, kikalainika siku mbili, kisha vumbi likanasa na kikawa kibaya kuliko mwanzo. Ni uvivu tu, ingawa mwenyewe huuita matengenezo.

Osewe aliosha vipande kwa mafuta ya taa, akasugua kisigino kwa msasa laini mpaka kikang'aa. Hapo kazi ilikuwa imetosha. Lakini alikumbuka vidole vya mzee, akachukua tupa na kupunguza springi ya mgongoni, ile inayolishikilia bapa lisijikunje. Akatia tone moja la mafuta ya cherehani, akarudisha pini. Sasa bapa lilifunguka kwa kusukumwa na kidole gumba peke yake.

Alhamisi Gikonyo alikuja akakifungua na kukifunga mara tatu, akicheka kimoyomoyo. "Sasa hiki ni kisu," alisema. "Huyu wa sasa hatatumia meno." Osewe hakuelewa, na kwa mara ya pili hakuuliza. Alipokea sifa.

Kesho yake alielewa. Nelima, jirani yake anayeuza sukuma wiki, alimwambia ameitwa Kawangware kupika chapati kwenye harusi ya kimila ya Nyawira, binti wa Gikonyo. Akamsimulia kioja ambacho watu wa Kongo bado wanakicheka. Dada mkubwa wa Nyawira alipoolewa, mumewe alipewa kisu cha babu kikiwa kimekunjwa, akifungue mwenyewe mbele ya wazee na akate kiande. Kisu kikakwama, naye akakivuta kwa meno.

Osewe aliuliza kiande ni nini.

"Baba Filister, umeishi na Wakikuyu miaka yote hii na hujui kiande?" Nelima alisema. "Ni bega la mbuzi. Bwana harusi asipolikata, hajaoa."

Osewe aliacha kazi aliyokuwa nayo mkononi. Kiungo cha bega si chungwa. Anayekikata hukandamiza na kupindua kisu, na springi aliyoipunguza isingestahimili. Bapa lingejikunja na kuangukia vidole vya kijana, mbele ya koo mbili. Alimpigia Gikonyo simu. Gikonyo alimwambia kisu kiko sawa kabisa, aache wasiwasi wa kizee, akakata.

Angeweza kujiambia kwamba ameonya. Wengi wangeishia hapo na kulala usingizi mzuri. Jumamosi asubuhi alitia nyundo, koleo na tupa mfukoni, akatembea mpaka Kawangware.

Alikuta mahema yamesimamishwa na mbuzi wako motoni. Gikonyo alikuwa langoni na suti yake. Mzee mmoja wa ukoo alimtazama mgeni mwenye nyundo, akauliza kama harufu ya nyama imefika mpaka Kibera. Wengine wakacheka. Osewe alisema amekuja kuchukua kisu.

"Ulikitengeneza vizuri," Gikonyo alisema. "Kiache."

"Sikukitengeneza vizuri. Nimekiharibu."

Aliomba akishike dakika moja. Alipopewa alikifungua, akakikandamiza kwenye kuni kavu na kukipindua kidogo. Bapa likajifunga kwa kishindo mahali ambapo vidole vingekuwa.

"Na juzi mbona ulikubali nikusifu?" Gikonyo aliuliza.

"Sifa ilikuwa tamu."

Aliketi kando ya mafiga, akatoa pini, akaipinda springi juu ya jiwe mpaka ikabana tena, akaunganisha kisu. Gikonyo alikijaribu. Hakikukwaruza, lakini kilitaka kucha na nguvu. Alilalamika kwamba watu watacheka kama mara ile.

"Wacheke," Osewe alisema. "Kicheko hakishonwi nyuzi."

Saa nane Kagiri, bwana harusi, alikabidhiwa kisu kikiwa kimekunjwa. Kucha yake iliteleza mara ya kwanza. Wanawake wa upande wa binti walipiga vigelegele vya kejeli, na mtu mmoja akauliza kama alete meno. Gikonyo alitazama chini. Mara ya pili bapa lilitoka na kukazika mahali pake. Kagiri aliliweka kwenye kiungo, akakandamiza kwa uzito wa mwili wote, akapindua. Bapa halikusogea. Bega likaachana.

Osewe alikuwa amesimama jikoni na Nelima. Alipewa ubavu, akaula, akanawa mikono, akarudi Kianda kwa miguu.

Gikonyo hajarudi kibandani kwa Osewe. Inasemekana huwaambia watu kwamba fundi wa Kianda hutengeneza visu vigumu, na Osewe hajawahi kulipinga neno hilo. Tangu siku ile, mtu akimnyooshea kisu, hakipokei kwanza. Huuliza kitakata nini, na husubiri mpaka ajibiwe.